Jiko Moja kwa Kiwanja

Machi 4

Mvua imeanza leo, na Mfamasia naye ameanza.

Nilikuwa kwenye dirisha la jikoni nikisubiri maji ya chai yachemke, nikaona mafundi kwenye bustani ya jirani yangu huyo wakichimba mashimo. Nikadhani hatimaye anapanda miti. Nilifurahi kidogo, maana tangu mkewe afariki ile bustani imekuwa aibu ya mtaa mzima. Kumbe wanasimika nguzo. Nguzo nyembamba za mbao, ndefu ajabu, zimeunganishwa kwa kamba, na kwenye kamba wamefunga vitambaa vya rangi ya machungwa. Kufikia mchana zilikuwa zimepita paa lake, zimepita tangi langu la maji, na bado walikuwa wanaunga nyingine juu.

Nikatoka na mwavuli hadi kwenye uzio.

"Jirani, unaanika nini huko juu?"

"Ghorofa, shemeji," akajibu, uso mkavu kabisa. "Ghorofa nne, familia kumi na mbili. Halmashauri wanataka nguzo zikae msimu mzima, ili kila mtu aone jengo litafika wapi kabla ya kikao. Pale kwenye kitambaa cha juu kabisa ndipo paa."

Niliangalia juu mpaka maji yakaniingia machoni. Ghorofa nne ubavuni pangu! Familia kumi na mbili zikitazama kamba yangu ya nguo kila zinapokunywa chai. Na jua la asubuhi, ambalo limeingia jikoni kwangu tangu nilipoolewa, litaishia kwenye ukuta wa choo cha mtu.

Ananiita shemeji kwa sababu yeye na marehemu mume wangu waliitana ndugu. Waliazimana ngazi, waliazimana gari, walizikiana wazazi. Leo nimejiuliza mume wangu alikuwa anamwita ndugu nani hasa.

Nimefundisha watu udereva katika mji huu maisha yangu yote ya kazi, na kila jioni niliandika neno juu ya kila mwanafunzi: huyu ana haraka, huyu anashika usukani kama anamkaba mtu. Sasa nimestaafu, sina mwanafunzi. Nitaandika juu ya majirani. Mfamasia: haangalii kioo.

Machi 5

Mvua. Nguzo zipo.

Machi 8

Binti yangu amekuja na mjukuu. Yeye ni muuguzi kwenye zahanati iliyo mwisho wa mtaa wetu huu huu, lakini analala upande wa pili wa mji, kwa sababu huku hakuna nyumba ndogo ya kupanga. Huku kila kiwanja kina nyumba moja kubwa na mzee mmoja au wawili ndani yake. Anapanda mabasi mawili kuja na mawili kurudi. Anaondoka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Amekonda, na mimba ya pili ndiyo kwanza inaanza kuonekana.

Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mara, "Rudini hapa, wewe na mumeo. Vyumba viwili vimelala tupu."

"Mama, tutagombana kabla ya Ijumaa."

"Tugombane kwa lipi?"

Aliangalia mkono wangu. Nilikuwa nimemnyang'anya mwiko bila kujua, kwa sababu alikuwa anakoroga maharage utadhani anayaogopa.

"Nataka jiko langu, Mama," akasema. "Ni hilo tu. Nikiunguza kitunguu, niwe nimekiunguza mwenyewe na asiniulize mtu."

Nikasonya. Mtu mzima na digrii yake, analilia jiko.

Mjukuu alikuwa amebandika pua kwenye kioo cha dirisha akiangalia vitambaa vikipepea. Akanyoosha kidole juu. "Bibi, nitakuwa nakuona kutoka pale." Ana miaka minne, kila siku ana lake. Mama yake akamwambia anyamaze anywe maziwa.

Machi 12

Kikao cha kamati ya wakazi nyumbani kwa Mwenyekiti. Zamani alikuwa meneja wa benki, na hata leo ukiingia sebuleni kwake unajikuta unanong'ona. Viatu vimeachwa nje, zulia jeupe, sote tumekaa na soksi zenye unyevu tukijifanya hatunuki.

Waliongea sana. Mmoja alitaka twende kwa wakili, mwingine alitaka tuongee na Mfamasia kwa upole. Upole! Mguu wangu wa kulia ukaanza kukanyaga zulia. Ni mazoea ya kazi. Mwalimu wa udereva ana breki yake upande wa abiria, na mtu akiongea upuuzi mguu wangu hutafuta ile breki wenyewe. Ndiyo maana mtaani wananiita Mama Breki, na wanadhani sijui.

Kisha nikapata wazo. Sheria ya mji wetu ina namna yake ya kuhesabu nyumba. Haihesabu milango wala vitanda. Inahesabu majiko. Palipo na sinki na mahali pa kupikia, pale ni nyumba. Pasipo na hivyo viwili, hata pawe na vyumba ishirini, hivyo ni vyumba tu. Nikasema, "Basi tuiombe halmashauri iutangaze mtaa wetu kuwa mtaa wa kuhifadhiwa, kwa sharti moja jepesi: jiko moja kwa kiwanja. Tuone hizo familia kumi na mbili zitakavyopanga foleni kwenye jiko moja."

Wakapiga makofi, na kweli nilistahili.

Mwenyekiti peke yake alikuna kidevu. "Na mtu mwenye mzazi mzee je? Au mwenye mtoto anayetaka kumjengea kibanda nyuma? Tusiweke nafasi ya watu wa familia?"

"Mtoto apike kwa mama yake," nikasema, na chumba kizima kikacheka. "Mwenyekiti, ukimwachia yule mtu mwanya wa kidole, atapitisha ghorofa. Hakuna nafasi ya yeyote."

Tukaandika hivyo. Maneno ni yangu, neno kwa neno.

Machi 13

Nimelala usingizi mzito. Mvua inanyesha na mimi nacheka.

Machi 19

Dawa yangu ya presha imeisha. Duka la Mfamasia liko hapo kwenye kona, lakini sitaki hela yangu inunue hata msumari mmoja wa ghorofa lake. Nimetembea mpaka sokoni kwenye mvua, nimerudi viatu vimejaa maji, na presha imepanda kwa hasira ya kwenda kununua dawa ya presha.

Nilipopita kwenye kona, alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. "Shemeji, ungeniambia tu, ningekuletea."

Nilimkata jicho moja tu, nikapita.

Machi 27

Upepo wa mchana umevunja nguzo moja, imeangukia uani kwangu juu ya kamba ya nguo. Shuka zangu nyeupe zimelala kwenye tope. Nikaishika ile nguzo kwa mikono yangu miwili nikairusha upande wake.

Akatoka mbio. "Ungeweza kumuumiza fundi!"

"Na wewe ungeweza kuniua mimi. Jengo bado ni kamba tu, tayari linaniangukia."

"Shemeji, hebu tuongee kama watu. Nina nyumba ya vyumba sita, nalala kimoja. Unajua wanaonunua dawa kwangu wanatoka wapi? Walimu, mafundi, wauguzi. Wanafanya kazi huku na kulala kule. Mtaa huu umezeeka. Hujaona kuwa hakuna hata mtoto mmoja anayepiga mpira barabarani?"

"Nimeona. Ndiyo utulivu wenyewe."

"Huu siyo utulivu. Tunakaa tu tunasubiriana, nani atangulie kufa."

Nikamwambia kuwa mume wangu angekuwa hai asingethubutu kunitolea maneno hayo. Akasema mume wangu ndiye aliyempa wazo hilo, siku walipokuwa wanapaka rangi ule uzio. Mwongo! Kumsingizia marehemu ambaye hawezi kujibu. Nimefua shuka upya.

Aprili 2

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na wenzangu wa kamati kuomba watu waje kwenye kikao. Wengi wanakuja. Mama mmoja wa nyumba ya bluu, ambaye nilimfundisha kurudi nyuma kwa wiki tatu na bado akagonga pipa la taka, aliniuliza, "Hao watakaokuja kwenye ghorofa ni watu gani?"

"Watu wasiojulikana," nikasema.

Akafunga macho kwa hofu. Nikaona neno limefanya kazi, nikalitumia mpaka mwisho wa mtaa.

Aprili 6

Binti yangu hajaja Jumapili hii. Amesema ana zamu. Mvua haikatiki.

Aprili 10

Nimekaa tangu mchana nikitafuta pa kuanzia, basi nianze mwanzo.

Kikao kilikuwa ukumbi wa halmashauri, watu wamejaa mpaka mlangoni, miavuli inachuruzika kwenye sakafu. Madiwani mbele. Afisa Mipango, msichana mwerevu ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe, alionyesha picha za nguzo na kueleza kila kitu kwa sauti ya kutomuudhi mtu. Mfamasia akasema yake, kifupi. Kisha nikaitwa mimi kwa niaba ya kamati.

Niliongea vizuri. Sijisifu, ni kweli. Nilieleza mtaa ulivyokuwa, nyasi zilizokatwa vizuri, watu wanaosalimiana kwa majina. Nikasema hatukatai maendeleo, tunakataa kuvamiwa. "Hatujui ni nani watakaokuja," nikasema. "Watu wasiojulikana, wa leo hapa na kesho kule, wasio na mizizi katika mtaa huu." Nikaomba sharti la jiko moja kwa kiwanja, bila nafasi kwa yeyote. Ukumbi ukapiga makofi.

Afisa Mipango akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Kamati imezungumzia majiko tu. Kimo cha jengo hamjakigusa. Kwa sheria ya sasa mtu anaruhusiwa kufika hadi zilipo nguzo hizi. Mngependa tukipunguze?"

Mwenyekiti akaniangalia. Mimi nilikuwa bado nimelewa makofi. "Binti," nikasema, "nani atajenga kasri la ghorofa nne kwa ajili ya sufuria moja?"

Wakacheka sana. Akaandika kitu, akaketi.

Kisha wakauliza kama kuna mwingine wa kusema. Nikasikia kiti kikisogezwa nyuma kabisa, na sauti ninayoijua tangu ilipokuwa kilio.

"Mimi ni muuguzi wa zahanati ya hapa," binti yangu akasema. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, amelowa mabega. "Nimezaliwa mtaa huu. Nimejifunza baiskeli mtaa huu, na kovu ninalo. Wazee waliokaa humu ndani nawapima presha kila mwezi, nawajua mpaka vidole vya miguu. Nimeomba nyumba moja kwenye jengo hili, ghorofa ya tatu, upande wa uzio. Mimi, mume wangu, mtoto wangu, na huyu anayekuja." Akaweka mkono tumboni. "Mama yangu amekaa pale mbele. Amesema wanaokuja ni watu wasiojulikana, wasio na mizizi. Basi nimesimama mnione. Mtu asiyejulikana ndiye mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mguu wangu ulikanyaga sakafu, ukakanyaga tena, na hapakuwa na kitu cha kusimamisha.

Nilimfuata nje kwenye ngazi. Nilitaka kusema jambo jingine kabisa, lakini kilichotoka ni, "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, Mama?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Mtoto alikuambia. Alikuonyesha hata dirisha."

Akafungua mwavuli, akaenda kituoni kusubiri basi la kwanza kati ya yale mawili. Sikumwita. Nilikuwa na hasira, na nikiandika hivi bado ninayo. Angeniambia. Mtu hujifungua mtoto, humlea, halafu anakuja kusikia habari zake ukumbini pamoja na mama wa nyumba ya bluu.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 17

Tumeshinda. Madiwani wamepitisha sharti letu, na ombi la Mfamasia limekataliwa. Mwenyekiti alipiga simu mwenyewe, sauti ya benki imejaa furaha. Wanakutana kwake jioni kunywa soda. Nimesema najisikia vibaya, na sikudanganya.

Nilitoka uani. Mfamasia alikuwa amesimama chini ya kamba zake bila mwavuli.

"Hongera, bibi," akasema.

Miaka yote hii, ni mara ya kwanza haniiti shemeji.

Aprili 20

Nimepata dawa ya haya mambo yote. Nashangaa sikuiona mapema.

Nyuma ya nyumba yangu kuna banda la magari mawili, yale ya kufundishia. Magari niliyauza nilipostaafu. Banda limebaki na makopo ya rangi na popo. Ukuta ni mzuri, bati ni zima. Nitaweka dari, madirisha, bafu, vyumba viwili. Na jiko. Jiko lake mwenyewe, lenye mlango anaoweza kuufunga mimi nikiwa nje. Aunguze vitunguu mpaka achoke.

Sharti la jiko moja nalijua, nimeliandika mimi. Lakini lile ni la watu wa maghorofa. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelisomea banda la mtu na mwanawe.

Nilimpigia simu. Alipokea mumewe, akasema amelala. Nikasema, "Mwambie Mama anajenga." Akauliza anajenga nini. "Mwambie jiko."

Alinipigia baadaye. Kwa muda kila mmoja alisikia mvua ya mwenzake kwenye simu. Mwishowe akasema, "Sinki liwe chini ya dirisha." Nikasema litakuwa chini ya dirisha.

Aprili 28

Fundi ameanza. Mvivu, mlaji, mwimbaji. Lakini ukuta ananyoosha.

Mei 2

Sinki limewekwa. Nimelijaribu mwenyewe, maji yanashuka vizuri. Nimenunua jiko la gesi la plate mbili na sufuria moja ndogo. Binti yangu alipita baada ya zamu, akasimama mbele ya lile sinki na sare yake, akafungua bomba, akafunga. Akaniambia zahanati imetangaza nafasi za kuhamia mji mwingine, mbali, penye nyumba za wafanyakazi, na kwamba alikuwa amejaza jina lake. "Nitawaambia walifute," akasema.

Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumfuta vumbi la saruji begani. Siku nzuri kuliko zote msimu huu.

Mei 6

Asubuhi limekuja gari la halmashauri. Mkaguzi, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, akaomba kuona banda. Aliangalia dari, akaipenda. Aliangalia bafu. Kisha akasimama mbele ya sinki na lile jiko la plate mbili.

"Hili ni jiko la pili, mama."

"Ni la binti yangu."

"Sijakuuliza ni la nani. Jiko la nyumba kubwa lipo?"

"Lipo."

"Basi hili ni la pili." Akaandika. Akasema limeripotiwa, na likiripotiwa hana ujanja. Sinki litolewe, bomba lizibwe, jiko litoke, ndani ya wiki mbili. Chumba naweza kubaki nacho. Anaweza kulala mtu yeyote, mradi asipike.

Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyeripoti. Nilikwenda moja kwa moja dukani kwenye kona, watu wakiwa kwenye foleni, nikamwita muuaji. Nilimwita mengine pia. Alikuwa anahesabu vidonge kwenye kisahani kwa kisu kidogo butu, na hakukisimamisha hata mara moja.

"Mimi nimeisoma tu sheria yako, bibi," akasema. "Imeandikwa hakuna nafasi ya yeyote. Nikajua una maana hiyo."

"Yule mtoto ulimpakata!"

Hapo kisu kikasimama. "Nilimpakata, ndiyo. Na nilimwekea nyumba ya ghorofa ya tatu upande wa kwenu, kwa sababu aliniomba awe anakuona taa ikiwaka. Nani aliyemnyima?"

Wateja wote wakaangalia chini. Nikatoka.

Mei 7

Nimekwenda kwa Mwenyekiti, nimevua viatu, nimekaa kwenye lile zulia. Nimemwomba kamati iandike halmashauri, iseme watu wa familia waruhusiwe. Akakuna kidevu kama siku ile.

"Dada yangu, nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Niliteleza."

"Tukikufungulia wewe, kesho kila mtu ana mtoto. Watasema kamati inajipendelea." Akanisindikiza mlangoni, akanishikia mwavuli. "Mtoto si apike kwa mama yake?"

Sijui kama alisema kwa kejeli au kwa nia njema. Nilimchukia vilevile.

Mei 11

Binti yangu alikuja baada ya zamu. Nilikuwa nimejiandaa na mipango: atapika kwangu, mimi nitakaa sebuleni, sitagusa mwiko, nitaweka hata ratiba ya mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama bandani. Fundi alikuwa ameshang'oa sinki. Ukutani limebaki shimo na bomba lililozibwa kwa kitambaa.

"Mama," akasema, "jina langu sikuwahi kulifuta."

"Ulisema utalifuta."

"Nilitaka kwanza nione kama jiko litafika mwisho."

Wanahama wiki ijayo. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitamani agombane nami, angalau mpaka Ijumaa.

Mei 18

Mvua inapungua. Wameondoka leo asubuhi. Mjukuu alikataa kuniaga vizuri kwa sababu alikuwa na usingizi, akanipa shavu tu. Niliwasindikiza mpaka stendi, nikarudi kwa miguu.

Mei 21

Mfamasia ameuza. Gari la mizigo lilifika mapema. Alikuja kwenye uzio na ngazi begani, ngazi ya mume wangu, ambayo kumbe imekaa kwake miaka yote hiyo.

"Hii yenu, shemeji," akasema.

Niliipokea. Nilitaka kumuuliza kama ni kweli lile alilosema, kwamba wazo la ghorofa lilikuwa la mume wangu, lakini nikaogopa jibu. Nikamwambia asafiri salama, kwa sauti kavu, naye akashukuru kwa sauti kavu.

Nguzo hakuziondoa. Nimeudhika; alikuwa na wajibu wa kuziondoa.

Mei 25

Jua. La kwanza tangu Machi. Limeingia jikoni mpaka kwenye meza, na nimekunywa chai ndani yake kama mshindi.

Kabla sijamaliza kikombe, mtu akabisha hodi. Mwanamume nadhifu, tumbo kubwa, viatu vya kung'aa. Muuzaji wa matairi. Ndiye mwenye kiwanja cha jirani sasa, amekuja kujitambulisha. Yeye na mkewe tu, wanawe wako ng'ambo. Nikamkaribisha, nikaona angalau huyu ana adabu.

"Nimekuja pia kukushukuru," akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye uliyeandika ile sheria ya jiko. Ndiyo iliyonifanya ninunue hapa. Nimechoka na maghorofa ya kupangisha. Mtu anataka utulivu."

"Karibu," nikasema. "Na zile nguzo utaziondoa lini? Zinaharibu mtaa."

"Nguzo?" Akageuka akaangalia dirishani. "Ah, hizo zinabaki. Mchoro wangu umefuata kamba zilezile. Ghorofa nne. Chini sebule, juu wageni, halafu mazoezi, halafu ukumbi wa sinema. Nimeuliza halmashauri, wamesema hakuna tatizo." Akacheka, akainua kidole kimoja kilichonona. "Jiko ni moja tu."

Nilimsindikiza mpaka getini. Sijui nilimwambia nini.

Mchana simu ikalia. Mjukuu alikuwa ameomba kuongea. Akaniambia nyumba yao mpya ina jiko, na Mama ameunguza wali, na Baba ameula hivyohivyo. Kisha akauliza, "Bibi, vile vitambaa bado vipo?"

"Vipo."

"Basi tukirudi nitakuona kutoka pale?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Kitambaa cha ghorofa ya tatu, upande wa uzio, kilikuwa kimekauka na kinapepea.

"Hapana, mjukuu wangu," nikamwambia. "Pale pameshapata mtu."